Kipande Kilichokatwa Mshazari

Mmeniomba, kabla sijastaafu, niandike kurasa chache kwa ajili yenu mnaobaki maabara, na mmenitajia hata cha kuandika: vyeo nilivyopanda, semina nilizohudhuria, vyeti vya shukrani. Hayo yamo katika faili langu, na faili lile limeshazoea kula vumbi, tuliachie. Mimi nitaandika juu ya utumbo. Kwa karibu miaka ishirini nimekata utumbo wa watu wa Maskati, vipande vidogo kuliko punje ya mchele, na kila ninachokijua nimekijua kwa kukata. Anayetaka nasaha tamu akawaulize waliostaafu ofisi ya utumishi.

Nilianza mwanzo wa miaka ya tisini, katika jengo la nyuma la hospitali, ubavuni mwa chumba cha kufulia mashuka. Siku ya kwanza nilivaa koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Nilikuwa na diploma, na nilidhani nitakalishwa mbele ya hadubini. Bwana Kurian, fundi mkuu wa maabara ya tishu, mtu wa Kerala, mwembamba, mchache wa maneno, alinitazama mara moja akanipa kisu butu na jiwe la kunolea. Wiki nzima nikanoa. Wiki ya pili akanipa nta tupu isiyo na nyama ndani nijifunze kuikata, na nta ile ikavunjikavunjika mikononi mwangu mithili ya halua iliyolala. Diploma nilikuwa nimeitundika nyumbani Al Khoudh, ukutani, na huko ndiko ilikofaa.

Nyinyi mna mashine zinazofanya nusu ya kazi mkiwa mnakunywa chai, kwa hiyo niwakumbushe kazi yenyewe. Kipande cha nyama kinalowekwa kwenye fomalini kisioze. Kinakaushwa maji kwa spiriti. Kinazamishwa katika nta iliyoyeyuka, na nta ikiganda unaikata utepe mwembamba unaoelea juu ya maji ya vuguvugu. Utepe unauopoa kwa slaidi ya kioo, unautia rangi ya buluu na waridi, ndipo daktari bingwa anapokaa kwenye kiti cha kuzunguka, anaangalia dakika mbili na kuandika jina lake. Huyo ndiye atakayepigiwa simu za pongezi. Sisi tutapigiwa simu slaidi ikichelewa.

Sasa sikilizeni jambo la utumbo mwembamba. Ukuta wake wa ndani umejaa vijidole vidogo vilivyosimama, na chini yao kuna vishimo ambamo seli mpya huzaliwa, zikapanda kijidole mpaka nchani, zikachoka, zikamwagwa. Kila baada ya siku chache ukuta mzima unakuwa mwingine. Nyama ikilala vizuri ndani ya nta, utaviona vijidole vimesimama virefu. Ikilala ubavu, kisu kinavipitia mshazari, vinaonekana vifupi na vinene, na seli zote zinaonekana zimerundikana. Ukikata mkate mshazari, ganda lake huonekana nene kuliko lilivyo. Mama yeyote wa nyumbani anajua hilo, lakini nimeona mabingwa waliosomea ng'ambo hawalijui.

Bwana Kurian alikuwa na dawa yake, na dawa yenyewe ilikuwa tango. Kila Alkhamisi alinunua khiyari mbili, ndivyo tango linavyoitwa huku, mtaani Ruwi alikokuwa akikaa, moja ya chakula chake na moja ya maabara. Ile ya maabara aliikata vipande vyembamba kwa wembe, akavitia katika chupa ya spiriti, akaiweka friji. Nesi wa chumba cha kuchungulia matumbo alifundishwa kuichukua nyama mbichi iliyonyofolewa na kuilaza juu ya kipande cha tango, vijidole vikiangalia juu, kisha vyote viwili viingie kwenye fomalini. Nyama hung'ang'ania tango. Haijikunji wala haigeuki, na tango linakatika pamoja nayo kwa utaratibu. Chini ya hadubini unaliona limekaa pembeni, vyumba vitupu vilivyopangana, na juu yake utumbo wa mtu umesimama sawasawa.

Madaktari walicheka. "Leo tuna saladi!" walisema kila slaidi zilipoingia, na walisema hivyo kwa miaka saba bila ya kuchoka, maana mtu akisoma sana hubakiwa na mzaha mmoja tu. Bwana Kurian aliendelea kukata. Mimi aliniambia, "Kisu hakidanganyi, Zeyana. Anayedanganya ni yule aliyeilaza nyama."

Yeye pia ndiye aliyenionesha wenyeji. Baina ya seli za ukuta wa utumbo, hata wa mtu mzima wa afya, kuna vitone vidogo vya buluu, kimoja hapa, kimoja pale. Hizo ni seli za kinga. Chini kidogo, ndani ya kijidole, mna nyingine, kubwa na ndogo. Vitabuni ziliitwa jeshi. Kila mtu anapenda jeshi: magazeti, makampuni ya dawa, hata bango la kliniki lilichora askari mwenye mkuki ndani ya tumbo la mtu. Mimi nilikuwa nikiziona kila siku katika matumbo yasiyo na vita hata kidogo. Nilimuuliza Bwana Kurian zinafanya nini pale ikiwa adui hayupo.

"Zinakaa," alisema. "Nyumba isiyo na mtu hubomoka."

Nikalidharau jibu lile kwa sababu halikuwa na neno hata moja la Kilatini. Baadaye nilijua kwamba mzee wa watu hakuwa mbali na ukweli.

Mwisho wa miaka ya tisini Bwana Kurian alirudi kwao, akaniachia kisu, jiwe na chupa ya matango. Mwaka uliofuata tukaletewa mkuu mpya wa maabara. Jina lake silitaji. Sisi tulimwita Bwana Orodha. Alikuwa daktari bingwa wa kusoma slaidi, na sijui kama alikuwa akizisoma vibaya au hakuwa akizisoma kabisa, kwa sababu kutwa alikuwa na karatasi yenye visanduku vya kutia alama ya vema. Wakaguzi wa ubora walikuwa waje. Maabara ikapakwa rangi, kuta zikajaa matangazo, na friji ikafunguliwa.

Nilimkuta ameishika chupa ya Bwana Kurian kwa vidole viwili.

"Hiki ni nini?"

"Tango, daktari."

"Chakula ndani ya friji ya maabara?"

"Si chakula. Limelala katika spiriti tangu juzi. Ukilila utalewa kabla hujashiba."

Hakucheka. Akaitazama karatasi yake. "Tango ni chakula," akasema, akaimwaga chupa kwenye taka mbele ya macho yangu na kutia alama ya vema.

Nilimweleza. Nilimwambia nyama za utumbo zitajikunja na slaidi zitakwenda mshazari. Akanijibu kwamba hospitali za maana duniani hazitumii mboga. Basi ikawa. Manesi wakaamrishwa watumbukize nyama kwenye chupa bila ya chochote, nazo zikawa zinatufikia zimejikunja kama mende aliyekufa.

Hapa ndipo penye aibu yangu, na ndiyo sababu nimekubali kuandika. Karatasi ya kuchujia ilikuwapo tele, na karatasi inafaa badala ya tango, ingawa si nzuri sana. Ningeweza kuwapelekea manesi. Hata bila ya karatasi, ningeweza kuigeuza nyama kwa sindano chini ya lenzi kabla ya kumimina nta. Mara nyingi niligeuza. Lakini siku zile nilikuwa na ghadhabu, na siku moja ilipoletwa nyama ya mwanamke mmoja, niliilaza ilivyoangukia. Nikakata. Nikaiangalia mwenyewe: mshazari mtupu, vijidole vifupi, vitone vya buluu vimerundikana. Utaratibu wetu ulikuwa fundi aweke herufi zake pembeni ya lebo kuonesha kwamba slaidi inafaa kusomwa. Nikaweka herufi zangu. Nilitaka Bwana Orodha aione, aghadhibike, airudishe, ili nimwambie mbele ya watu: lete tango.

Hakuirudisha. Aliandika ripoti.

Baada ya siku nne simu ililia kutoka kliniki ya matumbo. Walikuwa wakiniita mara kwa mara, kwa sababu nilikuwa Mzanzibari pekee wa jengo la nyuma, na kila mgonjwa wa Kiswahili asiyejua Kiarabu wala Kiingereza alikuwa wangu wa kumtafsiria. Nikaenda na koti langu. Dk. Badriya, binti wa Nizwa, kijana, mwenye bidii, alikuwa na ripoti mkononi. Mbele yake alikaa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mikono imebanwa baina ya magoti.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Watokea wapi?"

"Dodoma. Naitwa Neema. Nafanya kazi Ghubra, kwenye nyumba. Afadhali umekuja, maana hapa wananiongelesha naitikia tu."

Nikaliona jina kwenye ripoti, na nambari. Nambari ile niliijua.

Dk. Badriya alisema kwa Kiarabu kwamba maabara imeona seli za kinga nyingi mno na vijidole vilivyolika. Kinga ya mwili inaushambulia utumbo. Atampa dawa kali za kuituliza. Akanitazama. Nikamgeukia Neema.

"Wanasema seli zako za kinga zimezidi, zinaula ukuta wa utumbo. Utapewa dawa za kuzituliza."

"Jamani. Kwa hiyo mwili wangu unajila wenyewe?"

"Ndivyo wasemavyo."

"Mama, niulizie kitu kimoja tu. Ni ugonjwa wa kudumu? Madam kaniambia kama ni wa kupona atanisubiri. Kama ni wa kudumu, khalas, basi, nirudi kwetu. Nina watoto wawili wanasoma, mama. Niulizie vizuri."

Nikauliza. Dk. Badriya aliisoma tena ripoti, masikini, akasema kwamba kwa mujibu wa maabara, ndiyo, ni wa kudumu.

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi: nyama imelala ubavu, nipe siku moja. Lakini kuyasema kulitaka niseme pia ni nani aliyeipitisha. Nikamgeukia Neema nikamwambia, "Ndiyo, ni wa kudumu." Nilimwambia kwa upole, kwa Kiswahili cha kumwambia mtoto wa nyumbani, na nikamshika bega.

Mwisho wa mwezi ule sikulala vizuri, na sitawachosheni na hayo, maana kukosa usingizi hakujamponesha mgonjwa hata mmoja. Nilijiambia kwamba pengine ripoti ni ya kweli kwa bahati. Nilijiambia kwamba Bwana Orodha ndiye mwenye dhambi. Hilo nililipenda zaidi.

Kisha wakaniita tena. Neema alikuwa amelazwa. Alizirai jikoni, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami, dalili ya damu. Dk. Badriya haelewi: dawa za kutuliza kinga zilipaswa kumpa nafuu, naye amezidiwa. Aliuliza maswali yake yote ya kwenye fomu, na mimi nikatafsiri yote. Alipomaliza, nikauliza moja langu, ambalo halikuwamo.

"Neema, kuna kitu kingine unachokimeza? Chochote, hata cha dukani?"

"Vidonge vya mgongo tu, mama. Vile vya maumivu. Nanunua Ruwi siku ya mapumziko. Nabeba mazulia na mtoto wa madam mzito, mgongo unawaka. Asubuhi viwili, jioni viwili."

"Tangu lini?"

"Tangu nimekuja Omani. Hakuna aliyeniuliza."

Kweli, hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa watu wazima watatu wenye makoti meupe juu ya utumbo wa mtu mmoja, na vidonge vyake vilikuwa kwenye mkoba chini ya kitanda.

Nilirudi maabara, nikalitoa bonge lake la nta, nikaliyeyusha. Nikaitoa nyama, nikaiweka chini ya lenzi, nikaigeuza kwa sindano mpaka vijidole vikasimama. Nikagandisha nta upya, nikakata, nikatia rangi. Vijidole vilikuwa virefu na vizima. Vitone vya buluu vilikuwa vichache, kila kimoja mahali pake. Ukingoni tu mwa kipande palikuwa na mchubuko mdogo, kidonda ambacho vidonge vya maumivu hukifanya, na hapo, kandokando ya mchubuko, ndipo seli za kinga zilipokusanyika. Ndani ya vishimo vya chini yake seli changa zilikuwa zikigawanyika kwa haraka.

Nilizichukua slaidi zote mbili nikaziweka mezani kwa Bwana Orodha, Dk. Badriya akiwapo. Aliangalia ya kwanza, akaangalia ya pili, na kwa mara ya kwanza nilimuona hana kisanduku cha kutia alama.

"Ya kwanza ni mshazari," alisema. "Nani aliyeipitisha?"

"Mimi. Herufi zangu hizo."

"Hukuona?"

"Niliona. Nilitaka uone wewe."

Alijua kwamba akinipeleka kwenye kamati, kamati itauliza bingwa alisoma nini kwenye slaidi ile. Kwa hiyo nikapewa barua ya onyo yenye maneno ya kuzungukazunguka, na ndiyo karatasi pekee ya kweli katika faili langu.

Dk. Badriya hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alivuta kiti, akaniomba nimuoneshe ule mchubuko tena, akauangalia kila upande.

"Khalti Zeyana," alisema, kama mtu anavyomwita mama yake mdogo kwao, "sisi tumesomeshwa kwamba hizi zinapigana. Lakini siku hizi watafiti wanasema baadhi yake zina kazi nyingine. Ukuta ukichubuka, zinazipa seli za ukuta ishara ya kuzaana na kuziba. Zile kubwa za chini zinazoa mabaki na kuvitunza vishimo. Bila ya hizo, ukuta hujengeka polepole na vibaya." Akaiondoa slaidi. "Hapa zilikuwa zikifanya ukarabati. Sisi tukazinyamazisha, na vidonge vikaendelea kuchimba."

Basi jeshi likageuka mafundi wa kuziba nyufa. Nilimkumbuka Bwana Kurian na nyumba yake isiyo na mtu. Miaka kumi nilikuwa nimewadharau mabingwa kwa kutojua kile ambacho mimi nilikiona kila siku, na siku ilipokuja ya kukisema, nilinyamaza.

Vidonge vya Ruwi vilitupwa, dawa kali zikapunguzwa kidogo kidogo mpaka zikaisha, na utumbo wa Neema ukafanya kazi yake bila ya msaada wa yeyote kati yetu. Alipona. Haukuwa ugonjwa wa kudumu hata kidogo. Dk. Badriya alimpigia simu madam wa Ghubra kumwambia hivyo, na madam, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisikitika sana: alishaambiwa ni wa kudumu, na msichana mwingine alikwishafika.

Kwa ajili ya kazi zenu: tango limerudi friji, rafu ya chini, katika chupa yenye lebo "kifaa cha kulazia tishu", kwa sababu wakaguzi hawana ugomvi na kifaa. Manesi wapya wafundisheni kwa mikono, si kwa tangazo la ukutani. Muulizeni mgonjwa anachokimeza. Na slaidi mbili za Neema, isiyofaa na inayofaa, nimeziacha droo ya kushoto. Zote mbili zina herufi zangu.

Neema alikuja maabara wiki aliyoondoka kurudi Dodoma. Hakuna mgonjwa aliyewahi kufika jengo la nyuma. Ilibidi aulize njia kwa watu wa mashuka. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, na amesuka.

"Daktari kaniambia ni wewe uliyekata tena ukaona," alisema. "Nikasema siondoki bila kukushukuru, mama."

Ningeweza kuipokea shukrani ile. Nilimkalisha kwenye kiti cha Bwana Kurian.

"Neema, usinishukuru. Kile kipande cha mwanzo nlikikata mimi, na nlikuwa nnajua kimeharibika. Siku ile nnakwambia ugonjwa ni wa kudumu, nlikuwa nnajua."

Alinitazama kama mtu anayesikiliza lugha ya watu wengine.

"Ulijua."

"Nlijua."

"Na ukanishika bega."

Mashine ya kufulia ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta. Neema aliuweka mkoba wake vizuri mapajani, na aliposema hakupandisha sauti.

"Wale wengine nisingewaamini haraka hivyo, mama. Ningebisha, ningelia, ningeomba wanipime tena. Wewe nilikuamini kwa sababu ya Kiswahili."

Akasimama, akanipa mkono kwa adabu kama walivyomlea kwao, akaenda kufunga mizigo yake.